Mpira wa Mlango wa Dushi

Nimekulia katika nyumba ya fundi wa kutia viraka, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba sijui mpira. Baba yangu aliziba matairi ya wasukuma baiskeli waliokuwa wakileta mawese kutoka Kabambare, na somo lake lilikuwa moja: kiraka hakishiki kwa upande mmoja. Paka gundi huku, paka na kule, acha ikauke kidogo, kisha gusanisha. Ikishagusana, hata shetani hakibandui.

Somo hilo ndilo lililotaka kuniulia mama mkwe.

Mume wangu Djamali alileta kabini ya dushi kutoka Dubai. Ilipita Kalemie na Kabambare katikati ya magodoro, ikafika Kasongo ikiwa nzima, bila ufa. Kioo chake kina ukungu, na mlango umepinda kama tumbo la mtungi. Ilikuwa zawadi kwa mama yake, Mama Hidaya, ambaye magoti hayamruhusu tena kuinamia ndoo. Lakini mpira wa ukingo wa mlango ulichakaa, ukakatikakatika, na kila akioga maji yalitiririka hadi kwenye vigae vya korido. Siku moja nilimkuta ameng'ang'ania ukuta, mguu mmoja hewani. Djamali akaagiza mpira mpya Goma. Ukaja mgumu, umenyooka kama rula, ukakataa kabisa kuufuata mpindo wa kioo.

Ijumaa ile asubuhi nilikuwa nikikausha vigae kwa mara nyingine, na hasira zimenipanda.

"Mama, hii maji itakuua siku moja," nikamwambia.

Alinitazama usoni, akageuka akaenda zake. Mimi ni Mkristo wa Lusangi, yeye ni Mwislamu wa Nyangwe, na tangu ndoa yetu amenipokea kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini.

Basi nikajifanyia kazi mwenyewe. Mpira wa ndani wa baiskeli umezaliwa mviringo. Nikakata ukanda, nikaukunja juu ya ukingo wa kioo, nao ukatulia bila ubishi. Nikapaka gundi kwenye kioo, nikapaka kwenye mpira, pande zote mbili, kama baba. Upande wa nje, ule utakaogusa fremu, haukuhitaji gundi hata kidogo. Mkono uliupaka kwa mazoea. Nikaacha mlango wazi ili ikauke, nikaenda uani kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mchana.

Wanaume walikuwa wameshakwenda msikitini niliposikia maji yakimwagika ndani. Mama Hidaya alikuwa ameingia kuoga, na mlango ameuvuta.

Nikakimbia. Vigae vilikuwa vikavu. Kwanza nilifurahi, sitaficha, maana kazi yangu ilikuwa nzuri. Halafu nikauvuta mlango, haukusogea. Gundi ilikuwa bado mbichi, nayo ilikuwa imeshika fremu.

"Mama, mulango imeshika. Usisukume, kioo itapasuka. Unasikia?"

Kimya. Desturi ya nyumba hii naijua: mtu akiwa bafuni hasemi na mtu. Hata salamu haijibiwi. Ukigonga, anakohoa, basi. Nikangoja kikohozi, hakikuja. Maji nayo yakakoma, tangi la juu lilikuwa limeisha. Zamani ningeyaona yakipita chini ya mlango, nikajua kwamba anasogea na anajimwagia. Sasa halikutoka hata tone, nami sikuwa na kitu cha kuniambia kama yuko hai. Niliona kivuli tu, chini, karibu na mlango. Ameanguka, nikasema moyoni. Ameanguka, na mimi ndiye niliyemfungia.

"Mama, kohoa tu. Ao gonga."

Nikafikiria kuvunja. Nyundo ilikuwepo, lakini Djamali aliniambia kwamba kioo cha namna ile hakivunjiki kama chupa, kinapasuka chote mara moja, na kingemmwagikia mwilini. Nikajaribu kisu, kikateleza. Nikampigia Djamali, simu haikupita, rezo hakuna.

Ndipo nikakumbuka kwamba baba, kiraka kikikaa vibaya, alikibandua kwa esanse, petroli ya pikipiki. Nikatoka mbio hadi kwa muuzaji wa barabarani anayewapimia watu wa pikipiki, nikanyakua chupa bila hata kumsalimu. Nikarudi, nikamimina kwenye mshono kuanzia juu mpaka chini. Harufu ikajaa korido nzima.

Kivuli kikainuka. Nilimshukuru Mungu, maana alikuwa hai. Kikasogea mbali na mlango, kikajibana ukutani, nami nikadhani ananipisha nifanye kazi.

"Ni esanse, mama. Vumilia kidogo."

Mpira ukalegea. Nikaung'oa vipande vipande kwa kucha, mlango ukafunguka.

Mama Hidaya alikuwa amesimama kwenye kona, kitenge kimemganda mwilini, kopo la kuogea amelikumbatia kifuani.  Nikanyoosha mikono nimshike.

"Simama pale," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema bafuni.

"Mama, ni miye, Emilienne."

"Najua ni weye. Onyesha mikono."

Nikaifungua. Ilikuwa myeusi kwa mpira na gundi. Akaikagua, mmoja kisha wa pili, halafu macho yake yakashuka kwenye mfuko wa nguo yangu.

"Kibiriti iko wapi?"

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, nilikaa kwenye vigae vilivyolowa esanse, nikalia mbele yake. Nikamwambia kwamba hakuna kibiriti, kwamba sikuja kumchoma. Nikamwambia kwamba esanse ilikuwa ya kufungulia mlango, na mpira niliuweka ili asianguke.

"Nimesikia," akasema. "Na asubuhi pia nilisikia ile 'itakuua siku moja'."

Hakutoka. Nikainuka, nikarudi nyuma polepole, mikono wazi ili aione, mpaka nikafika uani. Ndipo nikasikia nyayo zake zikivuka kizingiti.