Tawi la Obaja

Shemeji yangu Obaja alivunja tumbawe ili mgeni apate picha nzuri. Ndivyo ilivyokuwa, na mtu asiniambie ni bahati mbaya.

Ghuba ya kijiji chetu imefungwa kwa sasi, mwiko wa kutovua chochote. Mchungaji aliiombea, wazee wakasimika nguzo, na tangu hapo kijijini hakuna anayegusa hata jongoo-bahari, awe na njaa au ameshiba. Wapiga picha tu ndio walioruhusiwa kupiga mbizi humo, wakiongozwa na mimi na Obaja, kwa sababu nilisimama kanisani nikasema, "Picha haichukui kitu. Nawadhamini mimi, Neles."

Farasi-bahari wa pale hawazidi ukucha. Wana rangi ya tumbawe lao na hawaishi penginepo. Tumbawe lenyewe lilikuwa kubwa kama mlango, limetandaa kama upepeo, chini kwenye giza.

Siku ile niliposhuka na mgeni wangu nilikuta tawi lake moja limevunjwa, pamebaki jeraha jeupe. Nikatazama juu. Kwenye maji mafupi, penye jua, Obaja alikuwa amelishika tawi kama mshumaa, na mgeni wake, Bwana Hendrawan, anapiga picha tu, mwanga juu ya mwanga. Chini ya maji huwezi kutukana. Niliung'ata mpira wa kupumulia mpaka taya likauma.

Mashuani ndipo niliporopoka.

"Obaja, umefanya nini?"

"Shemeji, punguza moto. Kule chini giza. Mgeni anataka jua."

"Ungemng'oa na mchungaji basi, umlete juani!"

"Tawi tu hilo. Litaota."

"Litaota? Wewe hata ndevu zimekushinda kuota!"

Hendrawan akanigeuzia kamera. "Tazama, Bwana Neles. Mpaka jicho la farasi-bahari linaonekana."

Lilionekana kweli. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile, na hapo ndipo hasira ilipozidi.

"Tawi liko wapi?"

Obaja akatazama pembeni. "Nimelitupa."

"Na farasi wake?"

"Wamo humo humo, wote watano."

Jumapili nilisimama palepale kanisani nikasema yote, na jina lake nikalitaja. Dada yangu, mke wa Obaja, akawashika watoto wake mkono, akatoka nje.

Mchungaji hakunikemea. Aliuliza tu, "Kwa hiyo picha inachukua?"

Inachukua. Imechukua tawi la tumbawe lenye umri wa babu yangu. Imechukua farasi-bahari watano. Imechukua ghuba, sasa imefungwa hata kwetu sisi tunaoongoza wageni kupiga mbizi. Na imemchukua dada yangu, ambaye akiniona njiani hugeuka akarudi alikotoka.