Kimo cha Twiga

Mama aligoma getini. Alisema yeye hawezi kukatiwa tiketi ya kuingia jikoni kwake, na kama serikali inataka kiingilio basi kwanza imlipe ujira wa miaka yote aliyoifagia ile ngome. Kitindamimba, ambaye alishika usukani tangu alfajiri na hakuwa na hamu ya mabishano, alikwenda dirishani akakata tiketi tatu kimyakimya. Dada yake alimwona, akazidai, akazisoma mbele na nyuma, ndipo akaridhika.

Ndivyo alivyo huyo dada. Alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo mpaka alipostaafu, na wauza nyama wa mji mzima walikuwa wakimwona kwa mbali tu wanaondoa kidole kwenye sahani ya mizani. Nyumbani wanamwita Mizani. Watu hudhani jina limetokana na kazi, kumbe alipewa na kaka yake wangali watoto, kwa sababu hata mkate ukigawanywa hakula mpaka avilaze vipande viwili ubavu kwa ubavu. Kukosea amekosea kama watu wote, lakini kusema uongo hakujua kunaanzia wapi.

Kaka huyo ndiye aliyewaleta leo, ingawa amekufa zamani. Walimwita Twiga, kwa utani wa baba yao, maana alikuwa mfupi kuliko watoto wote wa rika lake na kila asubuhi alijipima ukutani kuona kama usiku umemwongeza chochote. Siku hizo ngome haikuwa kivutio cha mtu. Ilikuwa bohari ya idara ya ujenzi, imejaa majembe, mikokoteni na mapipa ya lami, na baba yao ndiye aliyekuwa mtunza bohari. Walipewa vyumba viwili nyuma ya lango kuu. Kila mwaka shule zilipofungwa, baba aliwasimamisha wanawe kwenye nguzo ya mlango kati ya jiko na chumba cha kulala, akaweka rula ya ubao juu ya kichwa, akachora mstari kwa msumari kwenye chokaa. Kushoto Mizani, kulia Twiga. Kitindamimba alikuwa bado anatambaa, hana mstari hata mmoja, na mpaka leo hulalamika kwamba ameachwa nje ya historia.

Kila mara baba alipomaliza kuchora, Twiga alimgeukia mama yake akamwambia, "Mwakani nakupita." Naye mama alijibu yale yale, "Nakusubiri." Mwaka aliochorewa mstari wake wa mwisho kichwa chake kilikuwa hakijapita hata sikio la mama, naye mama hakuwa mrefu. Kisha ikaja homa, ikamchukua kabla shule hazijafunguliwa. Baba hakuchora tena. Haukupita muda serikali ikaamua ngome iwe hifadhi, wao na vyombo vyao wakapakiwa kwenye lori, na picha pekee ya Twiga ikaharibiwa na mvua njiani. Tangu hapo mama hakurudi. Kila safari ilipopangwa alipata kisingizio, mara miguu, mara kuku wanaotaka kuangua.

Sasa wiki ijayo anahamia kwa Kitindamimba, mbali kabisa, na wote watatu walijua kwamba akishafika huko hatasafiri tena. Basi akasema kabla ya kuondoka anataka kitu kimoja tu, aweke kiganja pale kichwa cha mwanawe kilipofikia. "Nataka nimshike kichwa," alisema.

Wakaingia. Uwanja wa vita ulikuwa umenyolewa majani vizuri, na kila baada ya hatua chache palikuwa na kibao kinachoeleza nani aliangukia wapi. Mizani alivisoma vyote, na kila kimoja kikamkumbusha kitu kingine. Pale palipoandikwa kwamba kikosi cha mbele kiliteketea ndipo walipoweka goli la mpira. Handaki la wapiga mishale lilikuwa mahali pa kujificha wakati wa kuosha vyombo. Mizinga ilikuwa bado imeelekeza midomo yake bondeni, safari hii imepakwa rangi nyeusi na kuzungushiwa mnyororo, na mama alisimama akaitazama kama mtu aliyekutana na majirani wa zamani waliopata vyeo. Alikuwa akianika nepi za Kitindamimba juu yake. Chuma kile kikishika jua, alisema, nepi ilikauka kabla hujamaliza kuanika ya pili.

Kitindamimba aliomba hilo lisiandikwe kwenye kibao.

Mtembeza wageni alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya ukindu na sauti ya mtu anayeipenda kazi yake. Aliwakusanya pamoja na wageni wengine wachache, akaanza kusimulia jinsi ngome ilivyozingirwa, njaa ilivyoingia, maji yalivyokwisha. Alisimulia vizuri kweli. Alipofika kwenye kilio cha jemadari, mgeni mmoja alitoa leso. Mizani alimsikiliza alivyokuwa akiwasikiliza wauza nyama, uso hauna habari, macho yako kwenye sahani.

Walipoingia jikoni, roho ya Mizani iliruka. Jiko lenyewe lilikuwa limeondolewa, lakini ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi vile vile, masizi yamepanda mpaka kwenye dari, na katikati palikuwa na duara jeupe pale mama alipokuwa akitundika ungo. Aliisikia harufu ya kuni mbichi ambayo haikuwepo. Alimsikia Twiga akikohoa kwa makusudi ili atumwe nje.

Mtembeza wageni alinyoosha fimbo yake kwenye ukuta. Akasema hayo ndiyo mabaki ya moshi wa baruti, siku adui alipolipua ghala la silaha, na lile duara jeupe ni alama ya ngao ya askari aliyesimama hapo mpaka mwisho.

Mizani hakuweza kujizuia. "Huo ni moshi wa kuni," alisema. "Na hapo palikaa ungo. Tuliishi humu sisi, mama yangu huyu ndiye aliyepika hapa."

Mtu mwingine angekasirika. Huyu alivua kofia kwa furaha, akampa mama mkono, akawatangazia wageni kwamba leo wamepata bahati ya kukutana na wenyeji wenyewe. Kisha akaeleza, bado kwa furaha ile ile, kwamba habari hii itawasaidia sana mafundi. Ngome inarudishwa ilivyokuwa siku za vita, na kila kilichoongezwa baada ya hapo kinakwanguliwa na kupakwa chokaa upya. Ukuta huu waliuacha kwa kuuheshimu. Sasa hakuna haja tena, wiki ijayo unaingia kwenye kazi. Kupitia dirisha dogo Mizani aliona chumba walichokuwa wakilala, ambacho kilishashughulikiwa. Kilikuwa cheupe kabisa. Msumari wa koti la baba haukuwepo, wala mchoro wa jogoo aliouchora Twiga kwa mkaa.

"Umenifutia jiko," mama alimwambia Mizani taratibu. Hakugomba, alisema tu, na Mizani akatamani angegomba.

Mlango wa kutoka jikoni kwenda chumbani ulikuwa hatua chache tu mbele. Nguzo ilikuwa imezungushiwa kamba nene nyekundu, na kibao kilisema usiguse. Nyuma ya kamba mistari ilikuwepo. Yote. Ya kushoto na ya kulia, imepanda kama ngazi, na ule wa juu kabisa wa kulia umepinda kidogo mwishoni kwa sababu Twiga alijaribu kujinyanyua na baba akambonyeza bega.

Mama alishika mkono wa Mizani, akaubana.

Mtembeza wageni alishusha sauti. Akasema hapa ndipo mahali anapopapenda kuliko pote. Vikosi viwili vililinda lango hili, na kila mstari ni shambulio lililorudishwa nyuma. Kila walipopona walichora. "Huu wa juu ndio wa mwisho," alisema. "Baada ya hapo hakubaki wa kuchora."

"Hapo umesema kweli," mama alimjibu.

Ndipo mtembeza wageni alipomgeukia Mizani, na kwa heshima zote akamuuliza, kwa kuwa yeye ni mwenyeji na ameshamsaidia mara moja. "Hii mistari mliikuta, au?"

Kundi zima likamtazama. Ukweli ulikuwa umemjaa mdomoni, umekaa tayari kama miaka yote. Akiutoa, kamba itaondolewa papo hapo, maana nani atakayezungushia kamba mikwaruzo ya watoto wa mtunza bohari? Mama ataweka kiganja chake mpaka aridhike, leo, kama alivyoomba. Na wiki ijayo fundi atakuja na ndoo ya chokaa. Akiufungia ndani, Twiga atabaki ukutani, lakini mama atarudi nyumbani mkono mtupu. Kitindamimba alikuwa akitazama viatu vyake. Mama alikuwa akitazama ule mstari uliopinda, na macho yake hayakuomba chochote.

"Tuliikuta," Mizani alisema.

Kitindamimba alikohoa. Na kwa kuwa Mizani hakuwa na uzoefu, hakujua pa kuishia, akaendelea kutia chumvi, akasema baba yao alikuwa mkali sana juu ya hiyo mistari, alikuwa akiwakataza hata kuikaribia. Masikio yalimwaka moto. Alihisi wauza nyama wote aliowahi kuwatoza faini wamesimama nyuma yake wanacheka.

Mtembeza wageni aliridhika mno. Aliwaambia wageni wengine watangulie kwenye mizinga. Mizani akabaki nyuma, akamwomba kwa unyonge asiouzoea. Mama yake, alisema, alizoea kuegemea nguzo ile jioni akimsubiri mumewe afunge bohari. Kama inawezekana, aingie ndani ya kamba, aegemee kidogo tu. Yule bwana alitazama mlangoni, akatazama kibao, akajikuna shingo. Mwishowe akaifungua kamba mwenyewe.

"Ila mkono usiguse, mama," alisema. "Jasho linaharibu chokaa."

Mama aliingia. Akampa Mizani mkongojo wake. Hakuunyanyua mkono hata kidogo. Aligeuka, akaupa ukuta mgongo upande wa kulia, akabana visigino kwenye nguzo, akainua kidevu, akatulia. Alisimama vile walivyokuwa wakisimama wao.

Mizani hakufikiri. Alisogea, akaweka kiganja bapa juu ya kitambaa cha kichwa cha mama yake, akakinyoosha mpaka vidole vikakaribia kabisa ukuta, kama baba alivyokuwa akifanya na rula yake. Nywele zilikuwa chache chini ya kitambaa, na kichwa kilikuwa na joto la mtoto. Hakuwa amekumbuka kwamba uzee humla mtu urefu, humpunguza kidogo kidogo kama sabuni. Alitazama mkono wake, akatazama mstari.

"Nimefika wapi?" mama aliuliza, macho yameelekea mbele.

"Amekupita, Mama."

"Usinifurahishe."

"Mimi? Lini nimekufurahisha kwenye vipimo?"

Mama alibana visigino upya. Kisha akauliza, "Kwa kiasi gani?"

Mizani aliinama, akapima, akarudia kupima. "Vidole viwili," alisema. "Kamili."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko ambacho Mizani hakukisikia tangu siku za lile jiko, kicheko cha tumbo, na machozi yakamtoka katikati yake bila kukikata. Kitindamimba alimshika kiwiko ili asiyumbe. Alikuwa akilia na yeye, kwa kaka ambaye hakumkumbuka hata sura.

Mtembeza wageni alikuwa amesimama kofia mkononi. Aliutazama mgongo wa mama ulivyokaa kwenye nguzo, akautazama mkono wa Mizani, akaitazama mistari, kutoka chini mpaka juu, na akaitazama tena. Hakuwa mjinga. Aliirudisha kamba mahali pake, akaikaza vizuri kuliko mwanzo.

Aliwasindikiza mpaka getini. Hapo alisafisha koo, akamwambia Mizani kwamba kule jikoni palikuwa na upepo mwingi, hakusikia vizuri alichokuwa akisema juu ya ule moshi, kwa hiyo hataweza kuwapelekea mafundi habari asiyoisikia. Mizani alifungua mdomo kumwambia kwamba leo upepo haukuwepo kabisa. Akaufunga.

Ndani ya gari mama alikaa kiti cha mbele, ngome ikabaki nyuma yao. Mizani alimwona ameweka vidole viwili, kimoja juu ya kingine, juu ya kitambaa chake cha kichwa, akiwa ameviacha hapo hapo. Kitindamimba alimuuliza kama kichwa kinamuuma.

"Hakiumi," mama alisema. "Nilimwambia nitamsubiri."