Mkutano Uliogeuka Ugomvi

Nsimire alikuwa akifundisha historia katika shule moja ya Bagira alipopata habari kwamba amekubaliwa kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya jamii. Alisoma ujumbe kwenye simu, akapiga kelele ya furaha. Wanafunzi wakashangilia kabla hawajajua wanashangilia nini.

Nyumbani baba yake, Papa Zagabe, alikunja uso. "Saikolojia? Unaenda kuchunga bawazimu?"

"Hapana, papa. Tunaangalia namna watu wanaishi pamoja. Wakiumia pamoja, wanaweza kupona pamoja."

"Basi anzia hapa kwetu. Kazi iko."

Hakuwa akitania. Avenyu yao, barabara ya mtaa wao, ilishuka kwenye mteremko mkali. Miaka miwili nyuma, mvua ilikuwa imebomoa ukuta wa Maman Francine, aliyekaa juu, ukaangukia jiko la Papa Télesphore, aliyekaa chini. Hakuna aliyekufa, lakini tangu siku hiyo watu wa juu na wa chini hawakusalimiana. Shirika lao la sala liligawanyika. Hata kwenye matanga walikaa mbalimbali.

Masomo yalipoanza, Nsimire akalipeleka wazo hilo chuoni, kwa mwalimu wake, Profesa Bulonza.

"Usiende kuwapatanisha," mama huyo alimwambia. "Waulize, kisha unyamaze."

"Ninyamaze tu?"

"Jaribu. Utaona kama ni kidogo."

Akapanda na kushuka avenyu, nyumba kwa nyumba, akiuliza watu wanaogopa nini. Jibu lilikuwa lile lile: mvua. Wa juu waliogopa kuporomoka nayo, wa chini waliogopa kufunikwa. Walikuwa na hofu moja na hawakujua! Aliwaalika wote Jumamosi, uani kwa baba yake. Ulrich, mwenzake wa masomo, akaja kumsaidia.

Watu walijaa, lakini wakakaa makundi mawili, uwazi katikati.

"Mvua ikianza usiku," Nsimire aliuliza, "munafanya nini?"

Alitamani kuongeza neno, akauma mdomo.

Hatimaye Papa Télesphore alisimama. "Mimi silale! Maji ya Maman Francine itatuua!"

"Maji yangu?" Maman Francine naye akaruka juu. "Ni mimi ninanyeshesha? Hata mimi silale! Nasimama mulangoni, batoto wamevaa viatu, tayari kukimbia!"

"Mbona haukusema?"

"Niseme wapi, na haunisalimie?"

Hapo uani pakalipuka. Wa juu na wa chini wakawa wote wamesimama, vidole hewani. Ulrich alimwinamia Nsimire sikioni. "Imeharibika. Tuwatulize."

"Waache! Miaka miwili hawakusemezana. Wasikilize sasa!"

Polepole maneno yakaanza kugeuka. Hawakubishania tena nani mwenye kosa, ila maji yapitie wapi. Papa Télesphore akachukua kijiti, akachora mfereji mavumbini. Maman Francine akamnyang'anya kijiti.

"Hapana, hapo iko jiwe. Pitisha huku."

Mtu alicheka. Uwazi wa katikati ulikuwa umejaa watu walioinama kuangalia mchoro.

Jumamosi iliyofuata walifanya salongo, kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji, avenyu nzima, majembe na vipawo vya kuzolea udongo, Papa Zagabe akibeba mifuko ya mchanga kama kijana. Nsimire alimpigia Profesa Bulonza, akainua tu simu ili asikie.

"Ni kelele gani hizo?" profesa aliuliza.

"Wanachimba! Na bado wanagombana!"

Profesa alicheka sana. "Vizuri. Sasa andika. Na mwezi ujao utawaeleza wenzako darasani."

Mvua ya kwanza iliponyesha, watu walitoka na miavuli kuangalia maji yakishuka ndani ya mfereji. Maman Francine na Papa Télesphore walikuwa bado hawajawa marafiki. Walisalimiana kwa kichwa tu. Nsimire hakuhuzunika. Alikuwa na mwaka mzima mbele yake wa kusomea kazi hii, na tayari mtaa wa jirani ulikuwa umemwita.