Nukta Isiyo na Jina

Hebu niambie, wewe umewahi kuijua nchi nzima kwa ubavu? Edelmira Currumil aliijua hivyo. Kwa miaka thelathini na kitu alikaa nyuma ya pikipiki ya mumewe, Osvaldo, na mbele yake hakuona barabara, aliona mgongo. Aliona koti jeusi la ngozi, mshono wa bega la kushoto aliourudia mwenyewe kwa uzi mnene, na nywele za kisogo zilizoanza nyeusi zikaishia nyeupe. Milima, maziwa, makundi ya kondoo, vyote vilimpita pembeni. Akigeuza shingo kulia, safari hiyo ilikuwa ya kulia. Ya kushoto aliambiwa na wenzake jioni mezani.

Hakulalamika. Alipenda safari, alipenda harufu ya petroli asubuhi, alipenda kuegemea. Lakini kila pikipiki ilipowashwa, moyo wake ulitangulia kwenda mahali pamoja, na mahali hapo ndipo pasipofikiwa kamwe. Paliitwa Pozo Amargo.

Ni kituo kidogo cha gari moshi kwenye nyika ya mkoa wa Río Negro: nyumba moja ya mawe, tangi la maji juu ya miguu minne ya chuma, na miti miwili ya mialamo iliyopindishwa na upepo mpaka ikawa kama wazee wanaonong'onezana. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuikagua njia na kukaza palipolegea. Edelmira alizaliwa kwenye nyumba ile, akajifunza kusimama kwa kushika ukuta wake. Alfajiri mama yake aliketi kizingitini na kibuyu chake cha yerba, chai ya majani machungu, akinyonya kwa mrija taratibu, akisikiliza. Maana reli huimba kabla gari moshi halijaonekana, na mama yule alijua kwa mlio kama ni la abiria au la mizigo.

Utauliza, mbona hakumwambia mumewe? Osvaldo alifika kule mara moja tu, siku ya kuja kuposa. Alishuka, akazungusha macho, akasema, "Hapa hata Mungu hupita bila kupunguza mwendo!" Wajomba walicheka mpaka wakakohoa. Edelmira naye akacheka, kwa kuwa alikuwa binti na alimpenda. Na jambo ukishalicheka mbele za watu, kesho utalililia kwa uso gani?

Basi likakaa ndani, likazeeka naye. Mpaka mwaka huu, sokoni Bahía Blanca wanakoishi, penye vitunguu, alipokutana na mwanamke wa Maquinchao waliyefahamiana utotoni. Yule mwanamke akamwambia kwamba nyumba za vituo vidogo zinavunjwa, mawe yanachukuliwa kujengea mazizi. "Yenu bado ipo. Ila kiangazi hiki, dada, sidhani kama itakimaliza."

Wiki hiyo hiyo Osvaldo akatangaza kwamba Januari watakwenda Bariloche kwa barabara ya 23, wao na Quique muuza nyama na mkewe Ramona. Barabara ya 23! Inafuata reli ile ile. Osvaldo alipokwenda kunyolewa, Edelmira alifuta mikono kwenye aproni, akakaa mbele ya kompyuta ambamo mumewe alikuwa akiipanga njia. Aliisogeza ramani polepole, kama mtu anayefunua shuka la mtoto aliyelala. Akaiona reli. Akaona kijia cha kokoto kinachoiacha barabara kuu. Akaweka nukta yake pale. Kompyuta ikamwuliza jina la mahali, akaacha wazi.

Alisema moyoni, wakifika pale kifaa cha ramani cha pikipiki chenyewe kitamwambia Osvaldo, "Pinda kushoto." Kifaa anakisikiliza.

Jumapili kabla ya safari walikutana uani kwa Osvaldo. Mbavu na soseji zilikuwa juu ya makaa, na kile kifaa cha ramani kinachofungwa kwenye usukani kilikuwa kimelala mezani, kimeunganishwa na kompyuta kwa waya. Osvaldo alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Kinakataa," alisema. "Kinasema hifadhi imejaa."

"Kimevimbiwa," Quique akasema, akigeuza soseji. "Kitapishe."

"Ngoja nitoe ramani ya Brazili."

"Brazili!" Ramona akaruka. "Usinitolee Brazili, shemeji, tulifurahi sana kule."

"Wewe ulifurahi. Mimi nilitobokewa na matairi mawili. Brazili nje." Akabonyeza. Wakangoja. "Bado. Paragwai nje."

"Hata hatujala bado, nchi mbili zimekwisha," Quique akasema. "Ukifika Chile niite nimuage shangazi."

Edelmira alikuwa akizungusha kibuyu cha yerba, anajaza maji ya moto, anampa huyu, anarudishiwa, anajaza tena. Macho yake hayakutoka kwenye kompyuta. Ndani yake alihesabu nchi zikiondoka na kuomba zitoshe.

Nafasi ikapatikana. Osvaldo akapakia njia, na kifaa kikalia mlio mfupi wa kunung'unika.

"Sasa nini tena?" Quique akauliza.

"Nukta. Kumbe kina kikomo. Njia moja haikubali zaidi ya nukta thelathini. Sisi tumeweka thelathini na nne."

"Si uigawe njia iwe mbili?" Ramona akauliza.

"Nafasi iliyobaki inatosha njia moja, mama. Nyingine niiweke wapi, mfukoni?" Osvaldo akavuta kiti. "Haya, kila mtu atoe sadaka. Quique, una mahali pa kula saba."

"Sita. Ile ya Valcheta ni choo."

"Toa mbili."

Quique akamwangalia kama mtu aliyeambiwa auze ng'ombe wa mahari. Wakabishana, wakatupiana maneno, mwishowe akatoa mbili. Zilipobaki mbili za kupunguza, Osvaldo akaitazama nukta ya kimadhabahu cha mtakatifu kando ya njia, ambapo Ramona husimama kila safari kuacha chupa ya maji ili awalinde.

"Ukiifuta ile," Ramona akasema polepole, "tukianguka nitamwambia mtakatifu jina lako na namba ya nyumba."

"Basi, basi. Za petroli siwezi kugusa. Kule ukiishiwa utasukuma pikipiki mpaka Pasaka." Akateremka kwa kidole. "Kituo cha picha kwenye daraja, futa, daraja si litakuwepo tu. Na hii? Hii haina jina."

Edelmira alishika birika kwa mikono miwili.

"Ni ya nani hii? Haina petroli, haina nyama, haina mtakatifu. Iko nje ya barabara, kokoto tupu," Osvaldo akasema.

"Labda paka alikanyaga kompyuta," Quique akasema.

Hapo pangekuwa mahali pa kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini aliwaona wote wanacheka, Osvaldo ameinua kidole juu ya kitufe, na akasikia kicheko kingine, cha zamani, cha wajomba. Akamimina maji. Yakafurika kibuyu yakamwunguza dole gumba.

"Imekwenda," Osvaldo akasema. Kifaa kikalia mlio mwingine, wa kuridhika. "Kimekubali! Leteni nyama."

Edelmira aliingia jikoni kuleta saladi. Alisimama mbele ya sinki muda mrefu kuliko nyanya zinavyohitaji kuoshwa.

Waliondoka Jumamosi. Siku ya kwanza wakalala pwani, ya pili wakaingia nyikani. Upepo wa kule haupulizi, unasukuma. Pikipiki zilikwenda zimeinama upande kama mtu aliyebeba ndoo moja. Edelmira aligeuza shingo kushoto, na safari nzima ikawa ya kushoto. Reli ilikuwa pale, inapotea nyuma ya kilima, inarudi. Juu ya bega la Osvaldo aliuona mstari wa zambarau wa kile kifaa umenyooka, haupindi popote.

Alikijua kilima kabla hajakiona vizuri. Kisha nguzo iliyokosa kibao. Kisha kijia cha kokoto, na mbali, mbali kabisa, miguu minne ya tangi, na kando yake kitu cha kijivu chenye pembe, ambacho kingeweza kuwa ukuta. Katika ile mialamo miwili, aliuona mmoja tu.

Kifaa hakikusema kitu. Osvaldo hakupunguza mwendo.

Edelmira alifungua mdomo ndani ya helmeti, na upepo ukaingia kwanza. Akageuka nyuma mpaka kiuno kikauma, akalitazama tangi likiwa kama buibui, kisha kama sindano, kisha likawa si kitu.

Waliposimama Maquinchao kujaza petroli, Quique alikwenda moja kwa moja kwenye sambusa za nyama, Ramona chooni. Osvaldo alijaza, akafunga kifuniko, akapangusa kioo cha kifaa chake kwa mkono wa koti.

"Kazi nzuri," akakiambia. "Tukiondoka sasa, Jacobacci tutakakolala tunafika jua bado lipo. Panda, bibi."

Edelmira hakupanda. Alivua helmeti. Nywele zilimganda kwenye mashavu, na Osvaldo akaona kwamba si jasho.

"Umeingiwa na vumbi?"

"Hapana."

"Tumbo? Nilikuambia zile sambusa za jana za Quique..."

"Zima, mzee."

"Imezimwa."

"Na hicho kifaa."

Akamtazama, kisha akakizima. Quique alitokea mlangoni na sambusa mbili, akaona nyuso zao, akarudi ndani kinyumenyume.

"Ile nukta mliyoifuta," Edelmira akasema, "niliiweka mimi."

"Ipi?"

"Isiyo na jina."

Osvaldo akakunja uso akitafuta, akiipitia njia nzima kichwani, petroli kwa petroli. Ukaona inamfikia, polepole. Akageuka akaitazama barabara waliyotoka.

"Ile kokoto," akasema. "Ile ni... Lakini mbona hukusema? Nilikuwa nimekaa pale pale, wewe umeshika birika."

"Mlikuwa mnacheka."

"Tulikuwa tunamcheka paka, Mira."

"Wewe ulikuwa unamcheka paka. Mimi nilikusikia siku ya posa."

Hakukumbuka mara moja, na hilo nalo lilimuuma mwanamke. Kisha akakumbuka. Mzee wa watu alikaa chini kwenye ukingo wa saruji wa pampu, miwani ikamteleza puani.

"Yale maneno," akasema. "Yale nilisema kwa uoga. Baba yako alikuwa ananitazama, nikatafuta mzaha." Akaisukuma miwani juu. "Umekaa nayo muda wote huo, nyuma yangu hapa?"

"Nyuma yako hapa."

"Sasa, kurudi ni mwendo mrefu. Na upepo ule ule utatusukuma tena. Jacobacci leo hatufiki." Hakuwa anakataa, alikuwa anahesabu, ndivyo alivyo. Alinyoosha mkono kuelekea kile kifaa, akaurudisha. "Niambie basi. Usiniachie nibahatishe. Unataka nini?"

Edelmira akapangusa uso kwa glavu.

"Nataka kufika nyumbani kwetu kabla hawajaivunja," akasema. "Na wewe ukae na mimi pale, pikipiki imezimwa, usiulize saa, mpaka mimi mwenyewe niseme twende."