Kijani Kwenye Gati la Mbwera

Kabla ya Magharibi Nasma alikuwa ameshazifunga taa zake kwenye nguzo za gati la Mbwera, zote kijani, maana bwana harusi alitaka bibi harusi ashuke kwenye boti kama aingiaye bustanini. Zilikuwa taa za betri. Zilipokea rangi hewani kutoka kwenye mashine yake ya kuongozea, iliyotumia umeme wa jenereta. Kule Kibiti aliwahi kuaibika, taa zikazimika keki inakatwa. Safari hii alizipanga mapema: mawasiliano yakikatika, kila taa ibaki na rangi yake ya mwisho.

Giza lilipoingia Mzee Mwinjuma, mwangalizi wa mlango wa mto, akaja mbio, msuli kaushika mkononi.

"Binti, nani kakwambia kijani?"

"Shikamoo, babu. Pambo tu."

"Marahaba. Pambo la kuzikia watu? Huku kijani maana yake maji yamejaa, ingia. Na maji yanakupwa, visiki viko nje! Kandili yangu nyekundu imemezwa na mataa yako. Badilisha!"

Nasma akabonyeza. Kioo kilikuwa cheusi. Jenereta ilikuwa imekohoa mara moja tu, mashine ikafa.

"Haisikii, babu."

"Basi zima hiyo jenereta!"

"Taa haziitegemei. Zitabaki hivi hivi mpaka betri ziishe."

Upande wa Maparoni injini ya boti ya nahodha Ukasha ilinguruma, na juu yake vigelegele vya wanawake waliomleta Muzdalifa kwa mumewe.

"Kanga!" Nasma alipiga kelele. "Leteni kanga, tuzifunike!"

Wapishi wakaacha masufuria. Nguzo moja baada ya nyingine ikamezwa na giza. Ya mwisho, iliyo mbele kabisa juu ya maji, Nasma aliipanda mwenyewe, akaiviringishia taa kanga na kukaza fundo.

Injini haikupunguza mwendo.

"Ameshaingia mlangoni," Mwinjuma alisema, sauti imemshuka. "Sasa hata visiki havioni. Funua, mwanangu. Funua!"

Fundo likakataa. Akaling'ata. Chini yake mbao za boti zikalia kwa mpasuko mmoja, na vigelegele vikakatika katikati.

Kanga ilipoachia, kijani kikamwagika juu ya boti iliyolala ubavu, na juu ya mikono mingi, yenye hina mbichi, ikipapasa maji.