Picha ya Wamama wa Sombe

Nilitaka Bienfait afungwe. Nasema wazi, maana siku hizi watu wananisingizia huruma ambayo sikuwa nayo. Kijana yule ana duka la kuchapisha vitu karibu na soko kuu la Kindu, na mwezi wa kwanza alitoa kalenda yenye picha yangu: wamama tisa wa mtaa wa Mikelenge wakirudi kutoka mashambani na mafurushi ya sombe, majani ya muhogo, kichwani, siku njia ilipofunguliwa wakati wa vita. Hakuna nyumba ya zamani mjini hapa isiyoijua picha hiyo. Chini yake aliandika: Picha na Bienfait. Mwaka ule yeye alikuwa bado ananyonya! Nilifika dukani kwake na kandambili za bafuni.

"Papa Florentin," aliniambia, "picha iko kwa Facebook. Ni ya kila muntu."

"Na jina lako, nalo ni la kila muntu?"

Nikaenda moja kwa moja kwa afisa wa upelelezi, mtu mmoja mpole aitwaye Godefroid. Alinieleza polepole. Kuchapisha picha ya mtu bila ruhusa mara nyingi huwa ni ugomvi wa kulipana fidia. Lakini mtu akijua kabisa kwamba kazi si yake, akaweka jina lake ili adanganye watu, hapo ni kosa la jinai, linaitwa contrefaçon, na gereza lipo.

"Alijua," nilisema. "Mama yake ana nakala ya zamani ukutani, na nyuma iko muhuri ya studio yangu."

Godefroid akamweka Bienfait mahabusu, akaniambia nirudi baada ya siku mbili na negatifu, filamu asili ya picha ile, pamoja na shahidi.

Negatifu zangu zote ninazo, kwenye kopo la maziwa ya unga. Shahidi nilimchukua mke wangu, Jacqueline. Njiani nilimwambia, "Akiuliza nani alipiga, sema ni mimi. Basi." Aliitikia kwa kichwa. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa akiitikia hivyo kuhusu picha ile, nami nilishazoea.

Ukweli ni kwamba sikuipiga mimi. Haya, nimesema. Kindu ilikuwa imezingirwa, na mwanamume akionekana njiani alikamatwa abebe masanduku ya risasi, wengi hawakurudi. Mimi nilijificha juu ya dari, nimelala kifudifudi, nikisikiliza viatu vya askari. Jacqueline ndiye aliyekuwa akitoka. Studio ilibaki na filamu moja tu, ya picha za vitambulisho ambavyo askari walidai kwa kila anayepita, na picha hizo ndizo zilizotulisha. Siku wamama waliporudi na sombe, yeye alichukua kamera, akapiga moja, akanirudishia. Mimi niliisafisha, nikagonga muhuri wangu. Watu walipoanza kunisifu kwa ushujaa, ningesema nini? Sifa ni tamu.

Mbele ya Godefroid niliongea vizuri. Nilieleza nilivyosimama kando ya njia, jua likiwa mgongoni, risasi zikilia kwa mbali. Risasi niliziongeza mwenyewe. Jacqueline alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Bienfait aliletwa bila mkanda wala viatu, midomo imemkauka, nami nikaona vema, acha akome.

Godefroid aliinua negatifu dirishani. "Sioni kitu," alilalamika. "Nyeupe iko nyeusi, nyeusi iko nyeupe."

Bienfait hakuweza kuvumilia, hata akiwa mfungwa. "Chef, ipige na telefone, kisha geuza rangi. Nipe, nitakuonyesha."

Picha ikatokea kwenye simu. Wamama wote tisa walikuwepo. Na chini yao kulikuwa na kipande ambacho hakimo kwenye kalenda wala kwenye nakala yoyote yenye muhuri wangu: kivuli kirefu cha mpiga picha, kimelala vumbini. Sisi wa studio tunahesabu kivuli hicho kuwa kosa. Ukichapa, unakikata. Nilikuwa nimekikata labda mara mia.

Kilikuwa kivuli cha mwanamke aliyejifunga kitenge, viwiko vimeinuka. Pembeni mwa bega lake kilichungulia kichwa kidogo.

"Papa Florentin," Godefroid aliniuliza, "huyu mutoto alikuwa mugongoni mwako?"

Nyani haoni kundule. Bienfait alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu Jacqueline alikuwa amesimama. Aliichukua simu na kuisogeza karibu na macho.

"Huyu njo Gisèle," alisema.

Gisèle alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Surua ilimchukua wiki tatu baada ya siku ile, akiwa na miezi tisa. Nyumba ya mpiga picha, na mtoto hakuwa na picha hata moja. Filamu ni ya kutafutia chakula, nilisema, tutampiga picha vita vikiisha. Jacqueline aliniomba mara mbili, na mara zote mbili nilikataa.

"Mama," Godefroid alisema kwa sauti ya chini, "kama njo weye ulipiga, malalamiko ni yako. Niandike unamushitaki nani?"

Hakumtazama Bienfait. Alinitazama mimi, nami nilitamani alitaje jina langu, nifungwe, yaishe.

"Ulikuwa unamukata," aliniambia. "Kila mara watu walikuja kununua, uliingia kwa chumba ya giza, ukamukata mutoto wangu. Na miye nilikuwa hapo hapo, kwa jikoni, nakupikia."

"Sikujua ni yeye."

"Kivuli uliona?"

"Niliona."

"Na ulijua ni yangu?"

"Nilijua."

Godefroid alikuwa ameacha kuandika. Jacqueline akamwambia kwamba hamshitaki mtu. Basi Godefroid akamrudishia Bienfait viatu vyake, na mimi akaniambia nibaki, kwa kuwa maelezo yangu ya uongo yalikuwa tayari na sahihi yangu chini.

Jacqueline alimfuata Bienfait hadi mlangoni, simu bado mkononi.

"Unaweza kunitolea hii kwa karatasi kubwa?"

"Ndiyo, mama. Picha muzima?"

"Hapana," alisema. "Wamama uwakate, ubakishe kivuli."