Printa ya Shemeji Raphaeli

Kompyuta ilikataa kuitambua printa. Ilikuwa Ijumaa mchana, na Jumatatu watoto wa darasa la saba walipaswa kufanya mtihani wa majaribio. Mwalimu Nsajigwa alisimama mlangoni mwa kibanda changu cha kuchapa hapa Lyulilo, kando ya ziwa, kichwa kikigusa bati.

"Kama umeshindwa kuuchapa mtihani, sema, niupeleke Kyela mjini," aliniambia. "Lakini kazi ya shule ikishakwenda kule, Baba Lusungu, hairudi."

"Sijashindwa. Njoo kesho jioni."

Nilikuwa nimeshindwa.

Mwezi uliotangulia niliufuta mfumo wa zamani wa kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa nakala ya wizi, na kila flashi iliyotoka sokoni ilikuja na virusi vyake, mpaka siku nyimbo zote za kwaya zilipopotea. Binti yangu Lusungu, anayesoma Mbeya, akaniletea mfumo mwingine, Linux: wa bure, hauna leseni ya kununua. Ile mashine kuukuu ikaamka kama mtu aliyetumbuliwa jipu. Sauti, kamera, modemu, vyote vikakubali bila kubembelezwa. Nikaringa soko zima. Kisha, kwa kuringa hukohuko, nikauza mpunga wa msimu nikanunua printa mpya, nyeupe, nyembamba. Sikuuliza chochote. Kumbe walioitengeneza hawakuwa wameandika programu ya kuiendesha kwenye Linux. Iliwasha taa yake ya kijani, ikanyamaza.

Mke wangu Tusekile ni Mkisi, wale wafinyanzi wa ziwani, amekulia kwenye udongo wa vyungu. Aliizunguka ile printa, akaniuliza:

"Uliigonga kwanza?"

"Printa haigongwi, mama."

"Chungu chenye ufa nacho ni kizuri mpaka ukigonge. Wewe ulinunua rangi."

 Kwetu hata mtoto anayetumwa sokoni hanunui chungu kabla ya kukipiga kwa kidole na kusikiliza mlio wake.

Jumamosi asubuhi niliifunga kompyuta kwenye kanga, nikaenda Matema kwa kaka yake Tusekile, Raphaeli. Alikuwa na printa ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, kuku wanalala juu yake. Nikafuta mavi ya kuku, nikachomeka waya kabla hatujazungumza bei. Linux ikaitaja kwa jina palepale. Karatasi ikatoka ingali moto, herufi zimekolea.

"Ndaga, shemeji," nikamshukuru. "Unataka nini?"

"Hela zako kaa nazo. Nipe ule mtumbwi wako wa kuvulia."

"Ule ni wa marehemu baba."

"Ndiyo maana nautaka. Mbovu ningechonga mwenyewe."

Nilimwambia aje Lyulilo auchukue. Kisha nikambebesha mtu wa bodaboda ile printa.

Mimi niliishia darasa la tano. Jumatatu ile nilisimama nje ya dirisha la darasa la saba, nikasikia watoto wanafunua karatasi zangu, zote kwa pamoja. Mwalimu Nsajigwa hakunisifu. Muhula uliofuata alileta mitihani ya shule nzima, na mpaka leo analeta. Wanaonicheka kwa Linux yangu huja kunicheka wakiwa na flashi mkononi, wanataka niwasafishie virusi.

Bei ya printa ile ilikuwa hii: mtumbwi aliouchonga baba, makasia yake mawili, na samaki, ambao tangu siku ile nawanunua sokoni kama mtu aliyeshuka kutoka milimani Tukuyu.